Spika mbili, sebule ya marumaru: ziwekwe wapi?

Swali: Nina spika mbili za mbao, zile za ukubwa wa kuweka juu ya meza, pamoja na amplifaya. Sebule yangu ina mita 5.2 kwa 3.6, sakafu ya marumaru, kuta za tofali na plasta, dari la jipsamu. TV na kabati lake viko ukuta mrefu. Spika ya kulia iko kwenye kona karibu na dirisha, ya kushoto iko juu ya kabati la TV, na baada ya hapo ukuta unaishia kwenye uwazi wa korido. Kochi limeegemea ukuta wa pili, linatazama TV. Nikikaa, besi inavuma mpaka maneno ya wimbo hayashikiki. Nikisimama katikati ya chumba, uzito wote wa chini unapotea. Na mwimbaji kila mara anasikika kama amesimama dirishani. Fundi ameniambia ninunue sabufa na amplifaya yenye nguvu zaidi. Mke wangu amesema kochi lisiguswe. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Jibu:

Sabufa isubiri, na amplifaya uliyo nayo inatosha. Chumba kinachovuma tayari ukikiongezea sabufa kitavuma zaidi, na amplifaya kubwa itakupa mvumo uleule kwa nguvu mpya. Nimevipitia vipimo vyako, na malalamiko yako yote matatu yanatokana na mahali: mahali zilipo spika na mahali ulipo wewe. Hilo la pili watu wengi hulisahau. Wanahamisha spika wiki nzima huku kiti kimebaki palepale, kisha wanasema spika ni mbovu.

Tafuta futi ya kupimia, selotepu ya karatasi ya kuweka alama sakafuni, na mtu wa kukusaidia kubeba. Kuhusu kochi, nitaomba sentimita chache tu. Tutafika huko.

Kabla hujasogeza chochote, rudisha amplifaya katika hali yake ya kawaida. Vitufe vya besi na trebo viwe katikati, balansi katikati, na chochote kinachoongeza besi au kuifanya sauti iwe ya "ukumbi" kizimwe. Angalia na simu pia kama ndiyo inayopiga muziki, maana programu nyingi za muziki zina marekebisho yake ya sauti ambayo mtu aliyawasha zamani akayasahau. Huwezi kupima chumba kwa sauti iliyokwisha kupindwa.

Kisha fuata waya. Upande wa amplifaya na upande wa spika, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kwa spika zote mbili. Ikiwa moja imegeuzwa, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, besi zinauana, na sauti ya mwimbaji inatawanyika ovyo isijulikane inatoka wapi. Kosa hili ni la kawaida mno, hasa kwa waya usio na rangi wala mstari pembeni. Kama hujui waya upi ni upi, chomoa waya upande wa amplifaya, chukua betri ya volti 1.5, gusisha ncha zake kwenye ncha za waya kwa sekunde moja, huku mwenzako akiitazama ile karatasi ya duara ya spika. Ikiruka kuja nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo ya nyekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume chake. Ukiwa hapo usikubali kuuziwa waya wa bei mbaya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha kabisa kwa sebule ya ukubwa huu.

Sasa huyo mwimbaji wa dirishani. Kati ya spika mbili hakuna kitu kinachotoa sauti. Mwimbaji anayesikika amesimama katikati ni kazi ya ubongo wako: masikio yote mawili yamepokea sauti ileile, kwa nguvu ileile, kwa wakati uleule, na ubongo ukahitimisha kuwa chanzo kiko mbele yako. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza mfumo wa aina hii mwaka 1931, na hadi leo muziki wa stereo unategemea hilohilo. Ubongo huo una ukali wa ajabu kwenye suala la muda. Sauti husafiri hewani karibu mita 345 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde moja. Spika moja ikiwa karibu nawe kuliko nyingine kwa sentimita 20 tu, sauti yake inatangulia kwa zaidi ya nusu milisekunde, na hiyo inatosha kumvuta mwimbaji karibu wote kwenda upande huo, hata kama nguvu za spika zinalingana.

Kwa jinsi ulivyoeleza, spika zako hazina umbali sawa na kochi, haziko kimo kimoja, moja ina kona na kioo cha dirisha vya kuirudishia sauti, nyingine ina korido inayoimeza. Mwimbaji kwenda dirishani ni jambo la lazima. Watu hukimbilia kitufe cha balansi hapa. Kitufe hicho hubadilisha nguvu, hakibadilishi muda, kwa hiyo mwimbaji anarudi katikati kwa sauti fulani na kwa sauti nyingine anateleza tena.

Dawa yake ni futi. Pima katikati ya ukuta mrefu, mita 2.6 kutoka kila mwisho, weka alama ya selotepu sakafuni. Hapo ndipo katikati ya TV na kabati panapotakiwa kuwa. Vuta mstari wa kufikirika kutoka hapo moja kwa moja hadi ukuta wa kochi. Wewe utakaa juu ya mstari huo. Spika ziwekwe kila moja mita 1.2 kutoka kwenye mstari, kwa hiyo kutoka katikati ya spika moja hadi ya pili ni mita 2.4, na kila moja inabaki mita 1.4 kutoka ukuta wake wa pembeni. Kona imeachwa mbali, dirisha limeachwa mbali, na ya kushoto imeshuka kutoka kabatini. Halafu pima kutoka pua yako, ukiwa umekaa, hadi uso wa kila spika. Tofauti ya sentimita moja au mbili haina neno. Ikizidi hapo rekebisha.

Kuhusu umbo, utaambiwa na kila mtu kuwa wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Ni mwanzo mzuri, si sheria. Kwa nafasi uliyo nayo utakaa mita 2.8 hivi kutoka kila spika huku zenyewe zikiwa zimeachana mita 2.4, na hiyo inafanya kazi vizuri. Ukitaka sauti ienee kwa upana zaidi mbele yako, zitanue sentimita kumi kumi kila upande huku ukisikiliza sauti ya mtu mmoja akiimba. Utafika mahali katikati pataanza kuwa pembamba, kama mwimbaji amegawanyika mara mbili. Rudi hatua moja.

Besi ndiyo habari ndefu zaidi.

Sauti ya chini ina mawimbi marefu kuliko samani zako, na mengine ni marefu kuliko chumba. Wimbi ambalo nusu yake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili linanaswa humo na kujirudia. Litikise beseni la maji kwa mwendo unaolingana nalo, utaona maji yanapanda kingoni huku ya katikati yakibaki karibu palepale. Chumba hufanya vivyo hivyo kwa shinikizo la hewa: kubwa ukutani, karibu sifuri katikati. Kupata sauti inayonaswa, gawanya 345 kwa urefu wa chumba mara mbili. Upana wako wa mita 3.6 unatoa hezi 48, yaani mitikisiko 48 kwa sekunde, na mara mbili yake hezi 96. Urefu wa mita 5.2 unatoa hezi 33, na mara mbili yake 66. Kwenda juu, ikiwa dari lako liko mita 2.8 kama nyumba nyingi, ni kama hezi 60.

Lete hesabu hiyo kwenye muziki. Waya wenye sauti ya juu kabisa kwenye gitaa la besi, ule wa noti ya G, ukipigwa bila kubanwa na kidole hutoa hezi 98. G ya chini yake ni hezi 49. Zote mbili zimeangukia karibu juu ya namba za upana wa chumba chako. Piga rumba au dansi lolote ambalo besi inatembea, kaa kochini, sikiliza. Nina hakika kuna noti zinazoruka juu ya wenzake na kujaza chumba, na nyingine za jirani yake hazisikiki. Mpigaji hakupiga hivyo. Sebule ndiyo inayomchagulia.

Kochi lililogusa ukuta limekuweka kingoni mwa beseni, mahali ambapo mawimbi yote yaliyonaswa kwa upana yako kileleni. Spika ya kulia iko kwenye kona, na kona ndiyo mahali pa kuamsha kila wimbi la chumba kwa mara moja, la urefu na la upana. Ndiyo maana besi inafunika maneno. Ukisimama katikati, uko pale ambapo hezi 48 inakufa, hezi 33 inakufa, na kwa kuwa masikio ya mtu aliyesimama yako karibu na nusu ya kimo cha chumba, ile ya 60 nayo inakonda. Uzito wa chini ukapotea. Spika ni zilezile, wimbo ni uleule, mtu kasogea mita moja na nusu.

Kwa hiyo tunahama kutoka kingoni, na hatuendi katikati. Kichwa chako kikiwa sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma, shinikizo la ile hezi 96 ni nusu tu ya lilivyo ukutani. Hiyo ndiyo inayokusumbua zaidi, kwa sababu spika za ukubwa wako nyingi huanza kuishiwa nguvu chini ya hezi 50 au 60, ila kwenye 96 ziko imara kabisa. Ile ya 48 itapungua kidogo tu, na wala sitaki ipungue sana, maana spika ndogo zinahitaji msaada huo.

Sentimita 60 za kichwa si sentimita 60 za kochi. Mgongo wa kochi wenyewe una unene, kichwa tayari kiko 20 au 25 kutoka ukutani. Tunachomwomba mama mwenye nyumba ni kulivuta kochi mbele sentimita 35 hadi 40. Mwambie ukuta utaacha kuchubuliwa rangi na mgongo wa kochi, fagio litapita nyuma, na meza nyembamba ya maua inaweza kukaa hapo. Ikiwa jibu bado ni hapana, bandika vitambaa vinene chini ya miguu ya kochi ili liteleze juu ya marumaru: unalivuta wakati wa kusikiliza, unalirudisha wageni wakija. Na kama hata hilo limekataliwa, tafuta kiti kimoja chepesi cha kukaa mbele ya kochi. Muziki wa stereo kwa kweli ni wa mtu mmoja aliye katikati. Waliokaa pembeni watapata muziki mzuri, lakini mwimbaji wao atakuwa upande wa spika iliyo karibu nao, na hakuna mpango wa spika mbili utakaolimaliza hilo.

Upande wa spika, uso wake uwe kama sentimita 45 kutoka ukuta ulio nyuma yake. Kwa sanduku lenye kina cha sentimita 25 au zaidi kidogo, hewa inayobaki nyuma ni karibu 20. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ileile ya kutoka kingoni. Ya pili: besi haitoki mbele tu, inazunguka sanduku, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi ikiwa imechelewa. Kwenye sauti fulani inarudi ikiwa kinyume kabisa cha ile ya mbele na kuifuta. Sauti hiyo unaipata kwa kugawanya 345 kwa mara nne ya umbali. Kwa sentimita 45 ni karibu hezi 190. Huwezi kulikwepa shimo hili, unaweza tu kulihamisha. La muhimu ni mashimo yasirundikane. Kama umbali wa spika ya besi hadi ukuta wa nyuma, hadi sakafuni na hadi ukuta wa pembeni ni mmoja, mashimo matatu yanaangukia mahali pamoja, na sauti ya mwanaume inabaki bila kifua. Kwako ni 45 nyuma, kama 80 au 90 sakafuni, 140 pembeni. Hazilingani, tunaendelea.

Tazama pia nyuma ya sanduku kama kuna tundu la hewa. Kama lipo, hizo 20 za nyuma ni kiwango cha chini. Spika nyingine huuzwa na vipande vya sponji vya kuziba tundu hilo zikikaa karibu na ukuta. Kama zako hazina, soksi safi iliyokunjwa inafanya kazi hiyohiyo. Besi itapungua lakini itakaza, na kwenye chumba kinachovuma hiyo ni biashara nzuri. Jaribu, ukiona imekonda sana itoe.

Huenda umejiuliza kwa nini sikwambii ugeuze chumba, spika zikae ukuta mfupi na sauti ikimbie kwa urefu wa mita 5.2. Kwa karatasi ni mpango mzuri, unapata nafasi ya kutosha nyuma ya kichwa. Lakini kwako spika zingesimama mbele ya dirisha: jua la mchana juu ya mpira wa spika, vumbi, mvua ya upepo, na kila mpita njia anaona ulicho nacho. Ukitumia ukuta wa upande wa pili, korido inakula nafasi ya spika moja na usawa umekufa tena. Ukuta mrefu una faida yake pia. Kuta za pembeni ziko mbali, sauti inayogonga huko inachelewa kidogo na haichafui sana. Kwa sebule hii, bakia hapo.

Kimo sasa. Sauti za juu hutoka kwenye twita, ile spika ndogo, na mawimbi yake ni mafupi: kwenye hezi 10,000 wimbi zima ni sentimita tatu na nusu tu. Haliwezi kuzunguka vitu kama besi, linakwenda lilikoelekezwa. Twita ikikutazama goti au ikipita juu ya kichwa, herufi za s na sh zinafifia na vinanda vinakuwa kama vimefunikwa kanga. Iwe kimo cha masikio yako ukiwa umekaa, kwa kawaida sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Kabati la TV ni fupi mno, na juu ya kabati la vyombo ni mbali mno. Unahitaji stendi za sentimita 65 au 70. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa bomba la mraba na kipande cha bati nene juu na chini. Mwambie aache tundu upande wa juu ili umimine mchanga mkavu ndani ya bomba. Stendi tupu hulia kama kengele na huyumba mtoto akipita mbio. Weka vipande vya mpira kati ya spika na bati. Kabla hujamlipa fundi, panga tofali chini ya spika kwa siku chache ujue kimo kinachokufaa. Ikibidi ubaki na kabati, inua spika kwa kabari ndogo upande wa mbele ili twita itazame uso wako, na uisogeze hadi ukingo wa mbele wa kabati.

Mwelekeo hauna hesabu. Anza kwa kuzigeuza spika zote mbili ndani kiasi cha kuwa, ukiwa umekaa, unaona ubavu wa ndani wa sanduku kwa mbali sana au huuoni kabisa. Ikiwa sauti ni kali, zifungue kidogo zitazame mbele zaidi. Ikiwa mwimbaji hana umbo, zifunge. Kwako naona kuzifunga kutasaidia zaidi, kwa sababu kila nyuzi unayoigeuza spika ya kulia ndani inapunguza kinachotupwa kwenye kioo cha dirisha. Zigeuze kwa kiasi kimoja.

Halafu yapo marumaru, plasta, kioo na jipsamu. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio wa haraka kama vyuma vidogo vinagongana, sauti inadunda kati ya kuta mbili tupu zinazotazamana. Mwangwi unaofika ndani ya milisekunde 30 hivi sikio huuchanganya na sauti ya kwanza. Mjerumani Helmut Haas aliliandikia jambo hili mwaka 1949. Husikii mwangwi kama mwangwi, unasikia muziki uliochafuka na mwimbaji asiye na mipaka.

Mahali pa kuanzia ni sakafu kati ya spika na kochi. Zulia nene lenye manyoya, si mkeka. Pili, pazia zito la dirisha lifungwe wakati wa kusikiliza, na kama korido ina pazia nalo lifungwe, ili pande mbili zifanane angalau kidogo. Tatu, ukuta ulio nyuma ya kichwa chako, ambao kwa mpangilio huu ndio ulio karibu kuliko wote: sauti ikikupita inaugonga na kurudi sikioni baada ya milisekunde tatu na nusu tu. Shelfu ya vitabu ya kimo cha kichwa, au kitambaa kinene chenye sponji ya sentimita tano nyuma yake, kitabadilisha mambo. Kwa kuta za pembeni, mwambie msaidizi atembeze kioo cha kujitazamia ukutani, kwenye kimo cha twita, huku wewe umekaa. Anapofika mahali unapoiona twita ya spika iliyo upande huo, hapo ndipo inapogonga. Tundika kitu laini hapo.

Kuna jaribio moja zuri kabla ya kununua chochote: egemeza godoro ukutani nyuma ya kochi, sikiliza wimbo mmoja, liondoe, sikiliza tena. Ukiona tofauti kubwa, jua fedha itumike wapi. Trei za mayai waachie wauza mayai. Karatasi ile ni nyembamba, inagusa sauti za juu kidogo tu na besi haiioni.

Nikuongezee neno kuhusu ushauri utakaoukuta kwenye video za Marekani. Nyumba nyingi za huko zina kuta za mbao na mbao za jipsamu, ambazo hutikisika na kuipitisha besi nje. Ukuta wako wa tofali hautikisiki. Besi inabaki ndani na kuzunguka muda mrefu zaidi. Mtu wa kule akisema spika zake zinapenda kukaa karibu na ukuta, huenda anasema kweli kwa nyumba yake. Wewe una tundu moja ambalo yeye wakati wa baridi hana: madirisha wazi. Kufungua dirisha na mlango wa korido hupunguza mvumo kweli. Hilo linagongana na ushauri wangu wa kufunga pazia, najua. Pazia linaweza kufungwa huku dirisha liko wazi nyuma yake. Majirani ndio watakaokuwa na la kusema.

Upimaji wa mwisho ufanye kwa sauti ya mtu mmoja, si kwa wimbo uliojaa vitu. Msomaji wa taarifa ya habari redioni anafaa sana. Au weka simu kwenye sauti ya mono, yaani sauti moja ileile kwa spika zote mbili, ambayo simu nyingi zinayo kwenye sehemu ya mipangilio ya wenye matatizo ya kusikia. Rekodi nyingi za dansi za miaka ya 1960 zilirekodiwa mono tangu mwanzo, kwa hiyo zinafaa pia. Sauti zote ziwe katikati kabisa, juu ya TV, kama mtu mmoja mwenye upana wa mtu mmoja. Zikiteleza kushoto au kulia, pima tena umbali. Zikiwa pana na zisizoshikika, rudi kwenye waya. Baada ya hapo ndipo urudishe stereo na kile kibao cha besi inayotembea, usikilize kama noti zinakaribiana kwa nguvu. Hazitalingana, hakuna sebule inayofanya hivyo. Sogeza kiti sentimita kumi mbele au nyuma, kisha spika sentimita tano, kimoja kwa wakati, na weka alama kila mahali pazuri kabla hujahama.

Sabufa tuizungumze ikiwa baada ya yote hayo bado unataka kina ambacho spika hizi hazina. Usiiweke konani kwa sababu tu kona ina nafasi. Iweke juu ya kochi, mahali unapokaa, piga wimbo wa besi inayotembea, kisha wewe utambae kwa magoti ukizunguka chumba karibu na kuta, kichwa kikiwa chini. Watoto watacheka sana. Utakuta sehemu ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu inayokaribiana: mwambie mtu aweke alama, iteremshe sabufa uiweke hapo. Kitufe chake cha kikomo cha juu kianzie kama hezi 80, sauti yake iwe ndogo, na uiongeze polepole hadi uanze kuitambua kuwa ipo. Kisha ipunguze kidogo.